Kijana wa miaka 19 aruhusiwe kusimama nyuma ya kaunta

Katika majimbo mengi ya Marekani, kijana wa miaka 19 anaweza kupeleka wiski mezani usiku kucha, akapokea pesa, akarudisha chenji na kufuta meza. Akinywa funda moja kwenye glasi ileile aliyoibeba, amevunja sheria. Wapo wanaoona hapo pana mkanganyiko, na kila upande unautumia kwa faida yake. Wa kwanza unasema basi umri wa kunywa ushushwe. Wa pili unasema basi vijana waondolewe baa moja kwa moja. Naona wote wamejikwaa mahali pamoja: wanachukulia kwamba ruhusa ya kunywa na ruhusa ya kufanya kazi ni kitu kimoja. Mtu aliyetimiza miaka 18, anayehesabiwa mtu mzima kwa mengine mengi, anastahili kuajiriwa baa, tena asiishie kubeba sinia. Amimine na achanganye vinywaji, hata kama sheria ya kwao inamtaka asubiri miaka miwili mitatu kabla ya kuonja. Na ambaye hajafika 18 asiajiriwe kuuza pombe kabisa, hata mwajiri alie vipi kwamba wafanyakazi ni haba.

Pengo hili kati ya utu uzima na umri wa kunywa lina historia yake. Mwaka 1971, wakati vijana wa miaka 18 wakipelekwa vitani Vietnam, Marekani ilipitisha marekebisho ya 26 ya Katiba na kushusha umri wa kupiga kura kutoka 21 hadi 18. Majimbo mengi yakashusha pia umri wa kunywa pombe. Haukupita muda mrefu, ajali za vijana walioendesha magari wakiwa wamelewa zikawa kilio cha nchi nzima, na Julai 1984 Rais Ronald Reagan akatia saini sheria iliyoyabana majimbo mfukoni: jimbo litakalomruhusu mtu wa chini ya miaka 21 kununua pombe au kuwa nayo hadharani litanyimwa sehemu ya fedha za barabara zinazotoka serikali kuu. South Dakota, iliyokuwa ikiwauzia vijana wa miaka 19 bia isiyozidi asilimia 3.2 ya kilevi, ilikwenda mahakamani. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ikaipa ushindi serikali kuu kwa kura 7 dhidi ya 2, na kufikia 1988 majimbo yote 50 yalikuwa yamerudi kwenye 21.

Katika mjadala wote huo kuna kipengele ambacho hakitajwi mara nyingi. Kanuni za kutekeleza sheria ile ziliwaweka kando wafanyakazi: kijana wa chini ya miaka 21 anayeuza, kubeba, kusafirisha au kuhudumia pombe akiwa kwenye ajira halali ya mtu mwenye leseni hahesabiwi kuwa amekutwa na pombe. Serikali iliyokuwa tayari kuyanyima majimbo fedha za barabara kwa ajili ya pombe ya vijana ilitambua kwamba chupa iliyo mkononi mwa mnywaji na chupa iliyo mkononi mwa mhudumu hazina kesi moja. Ikayaachia majimbo yaamue yenyewe.

Yakaamua kila moja kivyake. New York, Texas na Florida zinamruhusu mtu wa miaka 18 kuhudumia na kusimama kaunta. Utah na Nevada zinamtaka mhudumu wa baa awe na 21. North Carolina inamruhusu wa miaka 18 kupeleka kinywaji mezani, lakini wa kuchanganya pombe kali lazima awe na 21. California imegawa jengo lenyewe: upande wa kula, kijana wa miaka 18 anaruhusiwa kumpelekea mteja bia pamoja na chakula, upande ambao kazi yake kuu ni kuuza na kunywa pombe, haruhusiwi kufanya kazi. Ndani ya paa moja anaweza kuwa mfanyakazi halali akiwa hatua mbili upande huu, na kosa la jinai akisogea hatua mbili upande ule.

Tuanze na sababu ya umri wa kunywa wenyewe, maana ndiyo inayobebeshwa mzigo usio wake. Umri wa miaka 21 uliwekwa kwa ajili ya mwili na barabara. Ubongo wa kijana bado unakomaa, dereva mchanga ana uzoefu mdogo, na pombe ikiingia kati hatari inaongezeka mara nyingi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba sheria za umri wa kunywa ziliokoa maisha ya watu zaidi ya 30,000 kati ya 1975 na 2017. Sina ugomvi na sheria hizo. Lakini hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayosema kwamba mkono wa mtu wa miaka 19 hauwezi kupima, kumimina na kuhesabu pesa. Kuna watu wazima wengi duniani ambao dini yao imewakataza pombe na bado wanafanya kazi hotelini, na hakuna aliyewahi kudai kwamba kutokunywa kunawafanya wasifae kuhudumia. Kinachohitajika kaunta ni akili timamu, uaminifu na uwezo wa kusema hapana.

Uwezo wa kusema hapana ndio mahali ambapo hoja ya upande wa pili ina nguvu zaidi, na sitaki kuipita kwa haraka.

Tazama baa siku ya Ijumaa inapokaribia saa sita usiku. Mhudumu wa miaka 19 anafika kwenye meza ya vijana watano, na watatu kati yao amesoma nao. Anajua umri wao bila kuangalia kitambulisho. Alikuwepo kwenye sherehe zao za kuzaliwa. Mmoja anamnong'oneza, "Acha hizo bwana, lete bia tano, wewe si mwenzetu?" Meza ya nyuma yake kuna mteja wa siku zote, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, ameshakolea, anagonga glasi tupu juu ya meza anataka nyingine. Mhudumu huyu anatakiwa awanyime rafiki zake, kisha ageuke amwambie mtu mwenye umri wa baba yake kwamba leo imetosha. Wanaopinga ajira ya vijana wanasema hapo ndipo atakapoteleza. Atawauzia rafiki zake kwa aibu, na atamwongezea mlevi kwa woga.

Hofu hiyo ina msingi. Ila ukiikagua vizuri utakuta umri ni sehemu ndogo yake. Mhudumu wa miaka 35 naye ana rafiki zake, naye anamwogopa mteja mkubwa. Kinachowatia wote wawili udhaifu ni bakshishi. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha kawaida, dola 7.25, ambacho nacho kimesimama palepale tangu 2009. Zisipomfikisha, mwajiri anatakiwa kujazia. Baadhi ya majimbo, California ikiwemo, yameukataa utaratibu huu na yanamtaka mwajiri alipe kima kamili. Texas na North Carolina bado zinautumia. Aliye chini ya miaka 20 ana kifungu kingine cha shirikisho kinachomsubiri: anaweza kulipwa dola 4.25 kwa saa katika siku 90 za mwanzo za ajira.

Sasa rudi kwenye ile meza. Mteja aliyekolea ndiye mwenye mshahara wa mhudumu mfukoni mwake. Kumwambia "leo imetosha" maana yake ni kuondoka mikono mitupu kwenye meza iliyokaliwa kwa muda wa saa nne, tena huku meneja akiangalia mauzo ya usiku. Tunamtaka mtu alinde sheria, kisha tunamwekea malipo yanayomwadhibu kila anapoilinda. Wala dawa ya hapo si kumfukuza mwenye miaka 19 na kumweka mwenye miaka 22 kwenye mtego uleule. Mshahara wa anayekagua vitambulisho na kukataa kumhudumia mlevi usitegemee hisani ya huyo anayekataliwa.

Lile la rafiki zake nalo lina dawa ya kawaida ambayo baa nyingi zinaijua: ukaguzi ufanyike mlangoni, kwa mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, na mhudumu awe na haki ya kumwita mwenzake mkubwa achukue meza yenye watu anaowafahamu. Na adhabu kubwa ibaki kwa mwenye leseni. Majimbo mengi ya Marekani tayari yanamruhusu aliyeumizwa na mlevi kuishtaki baa iliyomuuzia pombe. Mwenye baa anayejua kwamba kosa la mhudumu wake litamfikisha mahakamani na kumnyang'anya leseni hataacha meza ngumu kwa kijana aliyeanza kazi juzi.

Kuna jambo jingine ambalo nimekuwa nikilitafakari kila ninaposoma sheria hizi za nusunusu, zinazoruhusu kubeba na kukataza kumimina. Zinadai kumlinda kijana. Lakini angalia zinamweka wapi.

Anayepeleka vinywaji hupita katikati ya viti akiwa na sinia. Mikono yote miwili imeshika. Mteja akimshika kiuno hana mkono wa kuutoa mkono ule bila kumwaga glasi sita, na glasi hizo huenda akaambiwa azilipe. Anainama juu ya meza kuokota vyombo. Anafuatwa hadi korido ya kuelekea vyooni. Anasikia kila neno linalosemwa na watu ambao kila saa inayopita wanazidi kulewa. Mhudumu wa kaunta yuko upande wa pili wa ubao mpana. Mteja hamfikii ila kwa kunyoosha mkono mbele ya macho ya kila mtu. Pembeni yake kuna mashine ya pesa, mara nyingi na kamera juu yake, na mwenzake anayefanya naye kazi bega kwa bega. Yeye ndiye anayeshika kipimo, yeye ndiye anayejua mtu fulani amefikisha glasi ya ngapi, na akisema basi, basi, kwa sababu chupa ziko upande wake. Mara nyingi ndiye mwenye kipato kizuri zaidi na ndiye mwenye ufundi ambao unaweza kumpeleka mbali: kujua akiba, kuagiza mzigo, kusimamia zamu, siku moja kumiliki sehemu yake.

Kwa hiyo sheria inayosema "beba lakini usimimine" inamchukua mfanyakazi mdogo kuliko wote na kumweka kwenye sakafu, mahali palipo wazi kuliko pote, halafu inamfungia nafasi yenye kinga na mamlaka. Katika takwimu za malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia kazini nchini Marekani, sekta ya hoteli na migahawa imekuwa miongoni mwa zinazoongoza. Wabunge wanaotaka kumlinda kijana wangeanzia hapo.

Si mara ya kwanza kosa hili kufanywa. Mwaka 1945 Michigan ilipitisha sheria iliyokataza wanawake kuwa wahudumu wa kaunta katika miji yenye watu 50,000 na zaidi, isipokuwa mke au binti wa mwanamume mwenye baa. Wanawake waliopeleka vinywaji mezani hawakuguswa. Mama mmoja mwenye baa mjini Dearborn, pamoja na binti yake, walikwenda mahakamani kwa sababu sheria hiyo ilimzuia mama kusimama kwenye kaunta ya baa yake mwenyewe. Katika kesi ya Goesaert dhidi ya Cleary ya mwaka 1948, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwanyima haki kwa kura 6 dhidi ya 3. Hoja iliyokubaliwa ilikuwa kwamba kuwa na mume au baba mwenye baa kunapunguza hatari za kimaadili zinazomkabili mwanamke kaunta. Majaji watatu waliopinga walionyesha jambo ambalo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuliona: mwanamume mwenye baa angeweza kutokuwepo kabisa na bado mke na binti yake wakahudumia, wakati mwanamke mwenye baa hakuweza kuhudumia wala kumwajiri binti yake hata kama mwanamume alikuwepo muda wote kulinda usalama.

Ilichukua miongo miwili na zaidi kufuta hayo. Mahakama ya Juu ya California ilibatilisha katazo la namna hiyo mwaka 1971, na mwaka 1976, katika kesi ya Craig dhidi ya Boren, Mahakama ya Juu ya nchi ikaukana uamuzi wa Goesaert. Kesi hiyo ya Craig nayo ilihusu umri na pombe: Oklahoma iliwaruhusu wasichana kununua bia hafifu wakiwa na miaka 18 na kuwataka wavulana wasubiri hadi 21.

India ilipitia njia inayofanana, na huko umri na jinsia viliwekwa ndani ya kifungu kimoja. Kifungu cha 30 cha sheria ya pombe ya Punjab ya mwaka 1914, iliyokuwa ikitumika pia Delhi, kilikataza kuajiri mwanamume wa chini ya miaka 25, au mwanamke wa umri wowote, mahali ambapo umma unakunywa pombe. Msichana aliyesomea hoteli kwa miaka mitatu alikuwa anahitimu na kukuta nusu ya kazi za taaluma yake zimefungwa. Desemba 2007, katika kesi ya Anuj Garg, Mahakama ya Juu ya India ilikubali kwamba katazo dhidi ya wanawake lilikuwa kinyume cha Katiba. Hoja yake kuu ndiyo ninayoisimamia hapa: pakiwa na hatari kazini, wajibu wa dola ni kuondoa hatari na kumwezesha mfanyakazi, na kumfungia mfanyakazi nje ni kumwadhibu kwa makosa ya wengine.

Najua kijana si sawa na mwanamke katika hoja hii kwa kila kitu. Umri hupita, jinsia haipiti, na sheria zina haki ya kutumia umri kama kipimo. Lakini mantiki ya ulinzi ni ileile, na matokeo ni yaleyale: anayetishiwa ndiye anayekosa kazi, na anayetishia anaendelea kukaa kwenye kiti chake na glasi yake.

Hatari moja ninaichukulia kwa uzito wote, nayo ni kazi yenyewe kumfundisha kijana kunywa. Utafiti wa serikali ya Marekani uliotumia takwimu za 2008 hadi 2012 ulikuta kwamba kati ya sekta zote za ajira, hoteli na migahawa ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu zaidi cha wafanyakazi wenye tatizo la matumizi ya vilevi na dawa za kulevya, asilimia 16.9. Aliyewahi kukaa karibu na kazi hii hatashangaa. Baa ikifungwa saa nane usiku, viti vikishapandishwa juu ya meza na pesa zikishahesabiwa, mwili wa mfanyakazi bado uko macho, mji mzima umelala, na mahali pekee penye watu wanaomwelewa ni palepale kaunta. Meneja anamimina glasi moja kwa kila mtu, ni desturi, ni namna ya kusema ahsante kwa usiku mgumu. Glasi ya kwanza ni ya bure, ya pili ni ya bei ya wafanyakazi. Kijana wa miaka 19 akikaa kwenye duara hilo na kusema yeye anakunywa maji, anahitaji moyo kuliko unaohitajika kumkatalia mlevi.

Hapa sheria inaweza kusaidia bila kumfukuza mtu. Kinywaji cha baada ya zamu kikatazwe ndani ya jengo kwa wafanyakazi wote, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu katazo la mmoja peke yake linamfanya aonekane mtoto kati ya wenzake na halitadumu wiki. Malipo ya shukrani yawe pesa. Na usafiri wa kwenda nyumbani usiku ule uwe juu ya mwajiri, maana mara nyingi ile glasi ya pili hunywewa na mtu anayesubiri lifti ya mwenzake.

Kuna anayeuliza: mtu asiyeruhusiwa kuonja atajifunzaje kuchanganya? Sehemu kubwa ya kazi ya kaunta ni vipimo. Kipimo cha kawaida cha pombe kali Marekani ni karibu mililita 44, Uingereza ni 25 au 35 kwa mujibu wa sheria, na anayefuata kipimo hukosea mara chache kuliko anayetegemea jicho na ulimi. Kwa taaluma ambazo ulimi ni lazima, California ilipata njia mwaka 2014: wanafunzi wa vyuo waliotimiza miaka 18 na wanaosomea utengenezaji wa mvinyo au bia waliruhusiwa kuonja darasani na kutema, chini ya uangalizi wa mwalimu. Anga halikuanguka.

Japani inaishi na pengo hili bila kelele nyingi. Aprili 2022 ilishusha umri wa utu uzima kutoka 20 hadi 18, lakini umri wa kunywa ukaachwa kwenye 20. Vijana wa miaka 18 na 19 wanaweza kutia saini mkataba wao wenyewe, wanaweza kufanya kazi za muda kwenye migahawa ya pombe, na wanafunzi wengi wa vyuo hufanya hivyo, huku wao wenyewe wakiwa bado hawaruhusiwi kunywa. Wakati huohuo sheria ya kazi ya Japani inakataza, kwa kawaida, kumfanyisha kazi aliye chini ya miaka 18 kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Mstari uko kwenye 18, na uko kwenye saa za kazi.

Mstari huo wa 18 ndio unaosukumwa sasa Marekani, na unasukumwa upande usiofaa. Michigan mwaka 2022 ilishusha umri wa kuuza na kuhudumia pombe hadi 17. Mei 2023 Gavana Kim Reynolds wa Iowa alitia saini sheria inayowaruhusu watoto wa miaka 16 na 17 kuhudumia pombe kwenye migahawa, kwa idhini ya mzazi ya maandishi na uwepo wa wafanyakazi wawili wenye miaka 18 au zaidi. Mwezi huohuo wabunge wa Wisconsin walileta pendekezo la kushusha hadi 14, halikupita. Sababu iliyotolewa ni moja kote: baada ya janga la korona, wafanyakazi wamepungua.

Nasoma sheria ya Iowa na ninakwama kwenye sharti moja. Mtoto huyo wa miaka 16 lazima apewe mafunzo ya kuzuia na kukabiliana na unyanyasaji wa kijinsia. Waliotunga sheria walijua kitakachomkuta. Walikaa, wakaona uwezekano kwamba mwanamume mlevi atamshika mtoto wa shule, na jibu lao likawa kumpa mtoto semina.

Mtu wa miaka 19 akichoka na meneja mchafu anaweza kuvua aproni na kuondoka, akaenda kwa wakili, akatia saini mkataba kwingine bila kumwomba mtu. Wa miaka 16 ana mzazi ambaye ndiye aliyetia saini, pengine kwa sababu pesa hiyo inalipa kodi ya nyumba. Ana darasa asubuhi. Hajui hata kwamba anachotendewa kina jina kisheria. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 182 wa mwaka 1999, uliokuja kuridhiwa na nchi zote wanachama mwaka 2020, unamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18 na unakataza kazi zinazoweza kudhuru afya, usalama au maadili yake. Kuuza pombe usiku kwa watu waliolewa ni kazi ya aina hiyo. Hata utaratibu wa Uingereza na Wales, ambako aliye chini ya 18 anaweza kuuza pombe ikiwa kila mauzo yameidhinishwa na mtu mzima anayehusika, sikubaliani nao. Usiku wa Jumamosi hakuna anayeidhinisha kila glasi, kila mtu anajua hilo.

Sheria ninayoitaka si ndefu. Miaka 18 iwe sakafu kwa kazi zote za baa, na kaunta iwe wazi kwa kila aliyeifikia. Kima kamili cha mshahara kabla ya bakshishi. Hakuna mtu wa chini ya miaka 21 kufunga baa peke yake. Kila baa iwe na daftari la matukio ya usiku, nani alikataliwa huduma na nani alimgusa mfanyakazi, na daftari hilo likaguliwe leseni inapohuishwa. Meneja aliyempuuza mhudumu aliyelalamika aieleze bodi ya leseni kwa nini. Na yale mafunzo ya Iowa yasifutwe. Yatolewe kwa kila mfanyakazi wa baa wa umri wowote, na wenye baa na mameneja wawe wa kwanza kukaa darasani.